Kimya cha Siku Mbili

Mimi kukaa kitako siwezi. Nikiongea na simu nazunguka meza, nikila nakula nimesimama, na wenzangu ofisini walishachoka kuniambia nitulie. Kwa hiyo siku ile Mzee, mwenye kampuni, aliponiita chumbani kwake akaniambia nivute kiti, nilijua kuna jambo. Nikakaa, miguu inacheza chini ya meza. Akaniambia kwa upole wake ule, macho yakiwa dirishani, kwamba lori la mteja wa Morogoro limelala stoo kwetu Gerezani siku mbili likisubiri saini yake Mzee. Yeye siku hizo alikuwa msibani Tanga. Mteja amempigia simu na kumtolea maneno ambayo hajawahi kuambiwa tangu azaliwe. Wajukuu wamemweleza kuwa siku hizi kuna programu za kompyuta zinazopitisha maombi zenyewe, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, bila karatasi. Nizitafute, nizilinganishe, nimletee moja.

Nilitoka mle ndani nikiwa na furaha ya kijinga. Hatimaye kazi ya kukimbia.

Ofisi yetu iko Mchafukoge, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti. Tunauza kwa jumla masinki, mabomba na vigae. Duka liko Kariakoo, stoo ziko Gerezani, na saini ya kuruhusu jambo lolote ilikuwa moja tu, ya Mzee. Mzigo kutoka stoo, likizo, gari kwenda mkoani, mtu kuhamishwa kutoka dukani, vyote vilipanda kwake ndani ya faili la kijani. Na faili la kijani lilipandishwa na mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa tarishi wetu, mama wa miaka hamsini na saba, mzaliwa wa Kigamboni. Aliajiriwa na marehemu baba yake Mzee. Kila asubuhi alivuka na pantoni hadi Magogoni, akaja kwa miguu mpaka ofisini, akavua kandambili na kuvaa raba za kiume alizokuwa anaziweka chini ya benchi lake pale juu ya ngazi. Baada ya hapo ni kupanda na kushuka mpaka jioni, buibui amelikunja kwa mkono mmoja, faili liko mkono wa pili. Mimi niliye mdogo kwake kwa miaka ishirini nilikuwa nahema. Yeye alipanda akiimba kaswida chini kwa chini.

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, na hakumficha mtu. Amebakiza miaka mitatu afike sitini, na miaka hiyo anataka aimalizie pale pale, aagwe kwa sinia la pilau na Mzee amshike mkono mbele ya watu, maana ndivyo walivyoagwa dereva wa kwanza na mlinzi wa kwanza. Alisema anaogopa kitu kimoja, kutoka kwenye lile jengo kimyakimya utadhani ameiba.

Sasa ngoja nieleze jinsi Mzee anavyokataa, maana bila hilo hamtanielewa.

Mzee hakatai. Ni mtoto wa Kariakoo ya zamani, amelelewa kwenye nyumba ambayo mgeni anakula kwanza, na kwake yeye kumwambia mtu mzima hapana usoni ni kumvua nguo. Wazazi wangu walishuka kutoka Kilimanjaro, na kwetu hapana ni hapana, unaambiwa na chai unapewa. Kwa Mzee ni hadithi nyingine. Asipolitaka jambo, anaweka faili upande wa kushoto wa meza, kando ya redio, na hasemi neno. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, faili limelala pale pale. Mama tarishi akiliona anaelewa. Anashuka mikono mitupu mpaka kwa mwenye ombi, anamuuliza hali ya watoto, anamuuliza mgongo umepona, halafu anamwambia, "Mzee anakusalimu."

Basi, umekataliwa. Hakuna aliyeaibika, hakuna karatasi yenye neno baya, na kesho yake mnakutana na Mzee kwenye ngazi mnasalimiana vizuri tu. Nilikuwa nimeshasalimiwa mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya feni, nikacheka. Mara ya kwanza niliomba nihamishiwe tawi la Arusha, na siku hiyo nililia chooni. Mama tarishi alinisubiri mlangoni, akanishika mkono, akaenda kuninunulia mihogo ya kukaanga barabarani. Alikaa na mimi mpaka nikamaliza. Nayakumbuka hayo na bado nilifanya nilichofanya.

Kwanza nilitaka kujua ombi moja linatembea vipi na linachelewa wapi. Nikafungua saa kwenye simu na kumfuata mama wa watu siku tatu nzima, ngazi kwa ngazi, naandika dakika. Watu walitucheka. Mlinzi aliuliza kama tunajiandaa na mbio za nyika. Jioni ya siku ya tatu nikachukua karatasi ya manila, nikachora maboksi na mishale: hapa ombi linaandikwa, hapa linapokelewa, hapa linasubiri, hapa linasainiwa. Nikaibandika ukutani na kuitazama nikiwa nimesimama mbali kidogo, mikono kiunoni, najiona mtu.

Kesho yake mama akasimama mbele ya ule mchoro. Aliufuata kwa kidole, kutoka boksi hadi boksi, taratibu. Kusoma hasomi haraka, lakini njia ile hakuna aliyeijua kumzidi. Akauliza mambo mawili. La kwanza, ile kushoto ya Mzee nimeichora wapi. Nilikuwa natafuta kalamu, simu inaita, muuzaji mmoja wa programu ananisubiri hewani. Nikamjibu tutaangalia.

La pili aliliuliza kwa sauti ya chini. "Na mimi niko wapi hapa, mwanangu?"

Nikatazama. Alikuwa ndiye mishale yote. Na kila programu niliyokuwa naitafuta, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifuta mishale ile. Nikamwambia asiwe na hofu, atahamia mapokezi, wageni wanahitaji mtu mwenye adabu wa kuwapokea. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa na sikuwa na mamlaka hata ya kuhamisha kiti. Akasema haya, yeye ananiamini mimi. Yale maneno yaliniingia mpaka kwenye mifupa, nikajifanya natafuta kalamu.

Basi nikaanza kulinganisha. Programu zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilitoka nje ya nchi. Muuzaji wake alinionyesha kwa video, mtu mtaratibu, hakatizi. Ile programu ilikuwa mwisho wa matatizo. Inachora njia yenyewe, inakumbusha, inatoa picha za rangi zinazoonyesha nani amechelewesha na kwa dakika ngapi. Lakini mtandao ukikatika nayo inakufa, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na vitufe vingi hadi mtunza stoo wetu aliniuliza kama anatakiwa kutoa masinki au kurusha ndege.

Ya pili ilitengenezwa na vijana watatu wa hapa hapa mjini, ofisi yao iko juu ya duka la vipodozi. Hiyo ni Kiswahili kitupu, inatuma ujumbe hata kwenye simu ya kitochi, na ukiwaita wanafika kwa bodaboda kabla hujamaliza chai. Tatizo lake iliganda mara mbili mbele ya macho yangu, na kila ilipoganda yule mkubwa wao alisema hiyo ni ndogo hiyo. Ya tatu ilikuwa ya bure. Unaipakua mwenyewe, unaiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ikiharibika unalia mwenyewe.

Wiki mbili nilikuwa sishikiki. Asubuhi niko Gerezani nauliza watu wa stoo, adhuhuri niko kwa wale vijana, saa tisa niko juu nabishana na muuzaji wa nje. Nilikuwa napasua njia katikati ya mikokoteni na wauza mabegi huku nimekumbatia kompyuta kifuani, natukana kimoyomoyo kila anayesimama mbele yangu kuchagua viatu. Sikuweza kula mpaka tonge la mwisho. Kichwani nilikuwa na jedwali tu: lugha gani, kasi gani, umeme ukikatika inakuwaje, mtu wa stoo atachukua siku ngapi kuielewa. Nikalifuta, nikaliandika upya, nikabadilisha rangi, nikalifuta tena.

Kulikuwa na mstari mmoja ulionisumbua. Niliuandika "hatua za mkono zinazobaki". Programu ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Ya tatu, sifuri. Mstari usiotofautisha chochote hauna kazi kwenye ulinganisho, mtu yeyote anajua. Ningeweza kuutoa. Sikuutoa, kwa sababu zile sifuri tatu zilipendeza, na nilitaka Mzee aone nimepiga kazi. Nalisema lilivyo, sitafuti wa kunionea huruma.

Tukachagua ile ya vijana wa mjini. Siku ya kuifunga, yule mkubwa wao akakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma yake, akawa ananiuliza maswali mfumo uweke nini. Akafika pale: mwenye kuidhinisha asipojibu, mfumo ufanye nini? Umkumbushe, upeleke ombi kwa mkubwa wake, au uhesabu kwamba amekubali? Nikafikiri. Kumkumbusha Mzee kila saa ni kumkosea adabu. Mkubwa wake mle ndani hayupo, labda Mwenyezi Mungu. Na lori la Morogoro lilikuwa bado limenikaa kooni. Nikasema uhesabu amekubali, zikipita saa arobaini na nane. Akauliza iwe kwa maombi ya mizigo tu, au yote. Chini barabarani mkokoteni ulikuwa umeziba njia na honi zinalia, simu yangu nayo inalia, watu wa stoo wamejaa mlangoni wanasubiri mafunzo. Nikasema yote. Akabonyeza, akaendelea na swali lingine.

Jamani. Nyumba ambayo kimya maana yake ni kukataa, mimi nimeiwekea mashine ambayo kimya maana yake ni kukubali. Na sikuwa mgeni pale. Nilikuwa nimeshasalimiwa mara mbili.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa raha. Malori yaliondoka siku ile ile. Mzee alinunuliwa tableti, akawa anaishika kwa mikono miwili, miwani puani, anabonyeza Kubali kwa kidole cha shahada. Kitufe cha Kataa hakukigusa hata mara moja. Nililiona hilo kwenye ripoti, nikatabasamu, nikapita. Muuzaji mmoja wa dukani aliomba likizo ya siku kumi katikati ya msimu, na kila mtu alijua atasalimiwa. Siku ya tatu akapata ujumbe kwamba amekubaliwa. Alishangaa mwenyewe, akafungasha kabla Mzee hajabadili mawazo. Sisi tukasema uzee umemlainisha. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Na mama tarishi akawa anakaa kwenye benchi. Raba mguuni, mikono mapajani, hana cha kubeba. Watu walianza kumtuma maji na vocha ili tu asione vibaya, na yeye alijua kwa nini wanamtuma. Nilikuwa nikipita pale naongeza mwendo. Nilikwenda kwa meneja utumishi kuulizia ile nafasi ya mapokezi. Ni mtu wa taratibu, si mtu mbaya, akafungua kitabu chake akasema nafasi hiyo haimo kwenye muundo. Nikamwambia basi iingizwe. Akasema ataangalia, nikatoka nikibamiza mlango.

Alichokiangalia nilikiona Jumatano saa nane mchana. Kwenye mfumo kulikuwa na ombi jipya, kutoka kwake kwenda kwa Mzee, kufuta nafasi ya tarishi. Sehemu ya sababu alikuwa ameandika kwamba hatua za mkono zinazobaki ni sifuri, akaambatanisha jedwali langu. Rangi zangu zile zile. Nikatoka mbio, nikamruka karani aliyekuwa anaokota karatasi kwenye ngazi, nikafika kwa Mzee nimeishiwa pumzi.

Nikamkuta ameshika tableti, na ombi lenyewe liko wazi kwenye kioo. Alilisoma mpaka mwisho. Akalifunga. Kisha akaiweka tableti mezani, upande wa kushoto, kando ya redio, na kuanza kuniuliza habari za nyumbani.

Nilimshukuru Mungu pale pale. Sikusema kitu, naye hakusema kitu, tulielewana. Limelala, limekwisha. Nikatoka mbio. Pale kwenye benchi nikasimama kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, nikamshika mama bega, nikamwambia mambo yake ni sawa. Akanitazama usoni, akasema Alhamdulillah.

Kile nilichokifunga kwa mikono yangu mwenyewe sikukikumbuka hata kidogo. Mtu unaweza kuwa na akili za kompyuta mchana kutwa, lakini ukimwona Mzee ameweka kitu kushoto, unarudi kuwa mtu wa nyumba ile.

Ijumaa saa nane mchana saa arobaini na nane zikatimia. Mimi nilikuwa Gerezani nafundisha watu wa stoo. Mzee alikuwa ametoka msikitini na yuko chumbani kwake anakula. Mfumo ule humtumia ujumbe kila mtu anayetajwa kwenye ombi likishaamuliwa, na kilichofuata nilisimuliwa na dada wa simu ambaye meza yake iko karibu na benchi. Simu ya mama ililia. Akausoma ujumbe polepole, halafu akampa yule dada amsomee kwa sauti. Ulisema ombi limeidhinishwa, nafasi ya tarishi imefutwa kuanzia leo, asante kwa utumishi wako. Akauliza kama imeandikwa ni nani ameidhinisha. Dada akamwambia imeandikwa ni Mzee. Mama akasema kwamba Mzee hajapata kumwandikia mtu neno baya tangu amjue, kwa hiyo akiandika, basi ameamua hasa. Akavua raba, akazitia kwenye mfuko, akavaa kandambili, akashuka. Mlango wa Mzee ulikuwa hatua kumi kutoka pale na hakuugonga.

Nilirudi saa kumi. Benchi lilikuwa tupu, na dada wa simu analia. Nikafungua mfumo nimesimama. Jina la aliyeidhinisha lilikuwa la Mzee. Namna alivyoidhinisha: muda umekwisha. Nikaingia kwa Mzee.

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nani amekubali hili?"

"Ni wewe, Mzee."

"Mimi sijaligusa."

"Ndiyo maana limekubaliwa."

Ikabidi nimweleze yote, siku ya kufunga mfumo, swali la yule kijana, saa arobaini na nane, na kwamba nilisema yote. Akataka kujua ni mangapi mengine ameyakubali bila habari. Nikamtajia, likizo ya yule wa dukani na mengine matatu. Akafumba macho. Nilitamani anifokee, anifukuze, arushe tableti, nipate mahali pa kushika. Hakufanya chochote kati ya hayo. Aliniagiza nilifute lile ombi, nikalifuta kwa dakika moja. Ndani ya kompyuta mama alikuwa amesharudi kazini. Simu yake iliita mara kumi na moja, hakupokea.

Jumamosi asubuhi tulivuka, mimi na Mzee. Alibeba boksi la tende mwenyewe, nikaomba nimsaidie akatikisa kichwa. Kwenye pantoni yeye alikaa, mimi nilitembea kutoka ukingo huu hadi ule, napenya katikati ya magari na ndoo za samaki, natunga maneno na kuyaacha. Nilikuwa na hasira na wale vijana, na meneja utumishi, na Mzee na kushoto kwake. Tulipokaribia ng'ambo hasira zile zote zilikuwa zimeisha na nimebaki mimi peke yangu.

Tulimkuta barazani kwake anachambua mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, bila kuniita mwanangu. Alitukaribisha vizuri, akatoa viti, akaleta maji. Mzee akauliza habari za watoto, za wajukuu, za mvua. Yote akajibiwa. Halafu Mzee akanitazama mimi. Ule mtazamo niliujua, ndio aliokuwa akimtazama nao mama miaka yote, wa kumpa mtu mwingine mzigo akautue kwa niaba yake. Nikainamisha kichwa, sikuupokea.

Mama aliona. Akasogeza ungo pembeni. "Sema, Mzee. Leo hakuna wa kukubebea."

Mzee alikohoa. Akasema hakukubali yeye aondoke, hata kwa dakika moja hakuliwazia. Alilisoma ombi, akaliweka kushoto.

"Nani alijua umeliweka kushoto?" mama akauliza.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Nikasema nilijua mimi. Nilimwona kwa macho yangu akiliweka, na zile saa arobaini na nane ni mimi niliyeziweka, na lile jedwali ni langu, na ni mimi niliyesahau. Nilisema haraka haraka, machozi yameanza kunitoka na siyafuti.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Ukanishika bega," akasema, "ukaniambia mambo yangu ni sawa."

Mzee akashuka kutoka kwenye kiti, akakaa kwenye mkeka karibu naye. Sijawahi kumwona anakaa chini mbele ya mfanyakazi. Akamwambia nafasi yake ipo, benchi lake lipo, mapokezi akitaka atapewa kuanzia Jumatatu. "Rudi, dada yangu. Umalizie miaka yako."

"Hapana."

Alilisema bila kupandisha sauti. Miaka yote niliyofanya kazi kwa Mzee sikuwahi kusikia mtu akimwambia neno hilo, na yeye mwenyewe alionekana hajui alipokee vipi. Akauliza kwa nini.

"Jana nimeshuka zile ngazi nawaza nimekosa nini," mama akasema. "Nimefika chini sijapata jibu. Sasa nikirudi, kila siku nitapanda nikijiuliza ni lini mtanyamaza tena. Siwezi, Mzee. Nimezeeka."

Mzee alivua kofia, akaikunja, akafuta nayo uso. Akamwomba basi angalau aje siku moja aagwe, apikiwe pilau, watu wamshike mkono. Mama akasema ameshaagwa, ujumbe anao kwenye simu. Halafu akamletea chai, akamwekea na mkate wa kumimina, akamuuliza kama bado daktari amemkataza sukari. Mzee alikunywa hadi tone la mwisho, hakuinua macho.

Tulipoaga, nilimwacha Mzee atangulie, nikarudi barazani. Nikapiga magoti pale kwenye saruji. Nikamwomba anisamehe.

"Nitakusamehe," akasema, "lakini si leo."

Nikamuuliza nirudi lini kumuuliza. Akachukua ungo wake, akaupepeta mara moja, makapi yakaruka.

"Siku yoyote. Ila uje kwa miguu yako, usinitumie ujumbe."

Nimevuka mara nne tangu siku ile. Namkuta, ananipikia, tunaongea, na kabla sijaondoka namuuliza. Ananitazama usoni, ananijibu kwa mdomo wake mwenyewe kwamba bado.